Kabla ya kuwa mafuta, Dizeli alikuwa mtu

Wiki iliyopita safu hii haikutoka, na wale waliopiga simu kuuliza nawashukuru. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekaa kwenye gereji moja huku Majengo, juu ya tairi kuukuu, nikingoja pampu ya injekta irudi kutoka kwa fundi wa pampu. Mwenye gari la dizeli hana haja ya kuelezwa zaidi. Pampu na nozo ni maneno mawili yanayoweza kumkosesha mtu usingizi mwezi mzima.

Gari lenyewe ni pikapu ya marehemu baba, Mola amrehemu. Aliinunua mwaka 1994, ikiwa imeshatumika, akaibebea nazi na baadaye samaki, kutoka Malindi na Mambrui mpaka soko la Kongowea. Mita ya kilomita ilikufa zamani, kwa hivyo hakuna aliye hai ajuaye imekwenda masafa gani. Bodi imeliwa na chumvi mpaka mlango wa kushoto tunaufunga kwa kamba. Injini ni ileile iliyokuja nayo. Baba alishikilia kwamba pikapu ya pwani haifi kwa injini, hufa kwa kutu, na kwa miaka karibu 30 maneno yake yalisimama.

Kijana mmoja anayejifunza kazi pale gereji aliuliza kwa nini dizeli ikaitwa dizeli. Fundi, akiwa chini ya gari, akamjibu kwamba ni jina la mafuta tu, kama petroli. Nikamkumbuka mwalimu wetu nilipokuwa nikisomea diploma ya ufundi wa mitambo. Siku ya kwanza ya somo la injini aliandika neno hilo ubaoni, akatanguliza Rudolf mbele yake, na darasa zima likacheka. Tulidhani anatania. Mimi niliyekulia nyuma ya pikapu, nikinuka moshi wake shuleni, sikuwa nimejua kwamba kila siku nilikuwa nikitaja jina la mtu.

Siku zile za kungoja nikazitumia kuyasoma upya maisha yake. Leo nawasimulia, kwa sababu mwisho wake ulinishika mahali ambapo sikutaka kushikwa.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodor, alitoka Augsburg, fundi wa kujalidi vitabu, na huko Paris aliishi kwa kutengeneza bidhaa za ngozi. Haikuwa nyumba ya kitajiri. Mtoto alisaidia karakanani na kupeleka mizigo kwa wateja, na akipata nafasi alikwenda kwenye jumba la makumbusho la ufundi kutazama mashine za zamani.

Mwaka 1870 Ufaransa na Ujerumani zikaingia vitani, na Wajerumani wa Paris wakalazimika kuondoka. Familia ikakimbilia London, ambako kazi ilikuwa adimu na midomo ya kulisha ilikuwa mingi. Ikaamuliwa Rudolf apelekwe Augsburg kwa jamaa. Alikuwa na miaka 12, na alisafiri peke yake katika bara lililokuwa vitani. Mjomba aliyempokea alikuwa mwalimu wa hesabu. Wale miongoni mwetu waliolelewa kwa ami au kwa shangazi wanaijua hali hiyo: unapendwa, unalishwa, lakini huwezi kuwa mzembe. Mtoto yule hakuwa mzembe. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza katika darasa lake, na mwaka 1875 akapata ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi walitaka aanze kazi alete pesa nyumbani. Alikataa, akaenda kusoma.

Huko Munich mwalimu wake mkubwa alikuwa Carl von Linde, na huyu mtu wa Malindi na Lamu anafaa kumjua. Linde ndiye mmoja wa waasisi wa mashine za kutengeneza barafu. Pikapu ya samaki inayotoka Malindi alfajiri imebeba kazi ya mwalimu mgongoni na kazi ya mwanafunzi chini ya boneti. Sijui kama kuna wawili wengine waliosafiri pamoja barabara zetu kwa muda mrefu kama hao.

Somo lililomkaa Diesel lilihusu hasara. Linde aliwaonyesha wanafunzi kwamba injini ya mvuke, iliyokuwa ikiendesha viwanda na treni za dunia nzima, ilipoteza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za joto la makaa yake. Yaani unanunua magunia kumi ya makaa, moja ndilo linalofanya kazi, tisa yanakwenda angani. Kijana aliyekulia katika nyumba ya kuhesabu senti hakuweza kuisahau hesabu hiyo.

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimfanya akose mtihani wa mwisho. Akaenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndugu Sulzer kule Winterthur, Uswisi, akarudi mwaka 1880 akaufanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu kabisa. Linde akampeleka Paris kwenye mitambo ya barafu. Mwaka 1883 alimuoa Martha Flasche, wakajaaliwa watoto watatu. Mchana aliuza na kutengeneza mitambo ya barafu. Saa zilizobaki alihangaika na injini yake mwenyewe ya mvuke wa amonia, ambayo baada ya miaka mingi ilimshinda. Mwaka 1890 akahamia Berlin, bado akiwa mtu wa Linde, bado na wazo lilelile kichwani.

Wazo lenyewe si gumu kulielewa. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, sukuma kwa nguvu mara kadhaa. Utahisi inapata moto upande wa chini. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel aliwaza kwamba ukiibana hewa vya kutosha itapata joto la kuwasha mafuta yenyewe, bila cheche, bila plagi. Unabana hewa tupu, kisha unaingiza mafuta kidogo kidogo, na yanawaka kwa joto alilolipata yule hewa kwa kubanwa. Ndiyo maana fundi akifungua injini ya petroli hukuta plagi za cheche na akifungua ya dizeli hazikuti. Na kwa kuwa ubanaji huo ni mkali, kila chuma ndani yake lazima kiwe kinene na kizito: pistoni, kranki, bloku yenyewe. Uzito huo uliokuwa kero kwa Diesel ndio unaomfanya leo mtu wa Kipini aitumainie pikapu iliyomzidi umri dereva wake.

Aliomba hati ya ubunifu mwaka 1892, akaipata mwaka 1893, na mwaka huohuo akachapisha kitabu cha nadharia. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vilikubali kugharimia majaribio. Sasa karatasi ikakutana na chuma. Tarehe 10 Agosti 1893 mashine ya kwanza ilizungushwa kwa mkanda wa kiwanda na mafuta yakaingizwa. Yaliwaka kweli, kwa kishindo kilichokipasua kile kipimo cha presha. Diesel alifurahi, kwani alichotaka kuthibitisha ni kwamba mafuta yangewaka. Lakini mashine haikuweza kujiendesha. Ilivunjwa, ikajengwa upya, na tarehe 17 Februari 1894 ikazunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi.

Dakika moja! Kutoka hapo mpaka injini ya kutegemewa ilichukua miaka mitatu mingine ya kukata, kuchomelea, kubadilisha vali, kubadilisha namna ya kuingiza mafuta. Mengi aliyoyaandika kwenye hati yake aliyaacha njiani, kwa sababu chuma cha wakati ule kisingestahimili presha aliyoiota. Tarehe 17 Februari 1897, Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Ilikuwa dude la silinda moja lenye urefu wa karibu mita 3, nguvu za farasi kama 20 hivi. Ilitumia zaidi ya robo ya joto la mafuta yake kufanya kazi, asilimia 26 na kidogo. Hakuna injini nyingine iliyokuwa imefika karibu na hapo. Mashine ile ipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho la Munich.

Pesa zikamfuata mbio. Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia huko St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa mark milioni moja. Emanuel Nobel akanunua za Urusi. Mtu wa miaka 39 aliyekulia kwa jamaa akawa milionea kwa karatasi alizotia saini.

Hapa ndipo habari inapobadilika, na hapa ndipo nilipoiweka simu chini nikatazama ile pampu yetu iliyofunguliwa juu ya gunia. Sisi tunaichukulia dizeli kama kitu kilichozaliwa na sifa yake ya kudumu. Haikuwa hivyo. Injini ya kwanza ya biashara ilifungwa mwaka 1898 kwenye kiwanda cha viberiti kule Kempten, ikawa taabu tupu. Mafundi wa Augsburg ilibidi waende kuihudumia kama mgonjwa. Ile iliyopimwa na profesa ilikuwa imelelewa na watu walioijua kila nati, kwenye karakana safi, kwa mafuta safi. Hii ya Kempten ilipaswa kufanya kazi kila siku mikononi mwa watu wa kawaida. Mambo hayo mawili ni tofauti kama mtihani wa udereva na barabara ya Garsen wakati wa mvua.

Wengine walionunua haki nao waligundua kwamba walichouziwa kilikuwa bado hakijaiva. Kilijengwa kiwanda kipya cha injini hizo Augsburg chenye jina la Diesel mwenyewe, na injini zilizotoka hapo zilisumbua wateja hata zikarudishwa. Kiwanda hakikudumu. Diesel aliumwa na kichwa kisichokoma, akashindwa kulala, na mwaka 1898 akalazwa kwenye sanatoriamu. Kuna waliodai wazo halikuwa lake, na kesi za haki zikamla miezi. Nikiwa mtu niliyeuza vitu viwili vitatu katika maisha yangu, sifikirii kuna maumivu kama ya kumuona mteja akirudisha bidhaa uliyoisifu kwa mdomo wako.

Waliomuokoa, na kutuokoa sisi, ni watu ambao majina yao hayaandikwi kwenye tangi la mafuta. Mmoja ni Imanuel Lauster, mhandisi wa Augsburg aliyeshughulikia mashine ile ya 1897 na kuendelea nayo miaka mingi. Kwa nati na vali, kwa kuona kipi kinavunjika na kukifanya kinene zaidi, mafundi wa kiwanda kile waliigeuza kuwa mashine ya kuaminika. Mwaka 1903 Warusi waliitia kwenye meli ya mafuta ya mtoni, Vandal. Mwaka 1912 Denmark iliingiza kazini Selandia, meli kubwa ya baharini iliyosafiri mpaka Bangkok bila tanuri la makaa. Leo meli zinazotia nanga Kilindini, treni inayotupeleka Nairobi na mitambo ya umeme ya Kipevu zote zinafanya kazi kwa kubana hewa namna ileile.

Kuna jambo moja la maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 ambalo siwezi kulipita. Injini ndogo ya mtindo wake iliendeshwa pale kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zinalimwa kwa wingi. Watazamaji wengi hawakugundua kitu, kwa kuwa injini ilifanya kazi sawasawa. Diesel alilirudia jambo hilo katika hotuba zake za mwaka 1912, akiona kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na uzito kama yale ya petroli na makaa. Nimefikiria minazi yetu inayozeeka Kilifi na Kwale bila bei, nikacheka peke yangu. Msijaribu lakini, hasa kwa gari lenye pampu ya kisasa.

Kitu ambacho Diesel hakukiona ni pikapu. Injini yake iliingiza mafuta kwa nguvu ya hewa iliyobanwa na kompresa kubwa, na kompresa hiyo haikuweza kubebwa na gari dogo. Alihangaika nayo. Mwaka 1908 palikuwa na jaribio la lori, halikufaulu. Malori ya dizeli ya kweli yalitoka Ujerumani miaka ya 1923 na 1924, baada ya wahandisi kupata njia ya kuingiza mafuta bila kompresa. Mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ikaanza kutoa kwa wingi pampu ya injekta, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikauza gari dogo la abiria la dizeli. Pampu ile iliyoniweka juu ya tairi siku tatu ilizaliwa miaka 14 baada ya yeye kufa. Ni chombo cha ajabu, kinachopima tone la mafuta kwa uangalifu kuliko mfamasia. Kinalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Ndiyo sababu dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, au ikiwa na maji, pampu hukwaruzika ndani na kufa. Wakenya tuliufanya mchezo huo sana, mpaka mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuuzima.

Narudi kwa mtu. Alikuwa hodari wa joto na chuma, si wa pesa. Alijenga jumba la fahari Munich. Aliweka fedha kwenye visima vya mafuta vya Galicia na kwenye ununuzi wa ardhi, na kote huko zikapotea. Hati yake ya ubunifu ilipomaliza muda, kila kiwanda kikawa huru kutengeneza bila kumlipa. Mwaka 1903 aliandika kitabu juu ya wafanyakazi kuungana katika vyama na kumiliki viwanda vyao wenyewe. Inasemekana alikithamini kuliko injini, lakini nakala chache tu ziliuzwa. Nje alibaki mheshimiwa. Mwaka 1912 alikwenda Marekani akapokewa kama mfalme, akakutana na Edison. Ndani alikuwa anakopa kulipa riba ya alichokopa. Nyumbani hawakujua ukubwa wake.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden bandari ya Antwerp, Ubelgiji, akielekea Uingereza kwenye mkutano wa kampuni ya injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, wakapiga gumzo wakitembea juu ya sitaha, na kama saa nne usiku akaenda chumbani, akiacha maagizo aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi. Walipokwenda kumwamsha hawakumkuta. Nguo ya kulalia ilikuwa imetandikwa, haijavaliwa. Saa yake imewekwa mahali pa kuonekana kutoka kitandani. Kofia na koti vilikutwa vimekunjwa kwenye sitaha karibu na ukingo. Alikuwa na miaka 55.

Baada ya siku kama kumi, mabaharia wa chombo cha Kiholanzi waliuona mwili baharini. Ulikuwa umeharibika sana. Walichukua vitu vidogo vya mfukoni, kisha wakaurudisha majini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo huko Vlissingen, na hilo ndilo kaburi lake. Magazeti yalijaa maneno: ameuawa na majasusi kwa ajili ya injini za nyambizi, ameuawa na matajiri wa mafuta. Vita kubwa ilikuwa imebakiza miezi kumi tu kuanza, na kila mtu alikuwa na adui wa kumtaja. Kilichotokea ukingoni usiku ule anakijua Mola peke yake, na sisi hatujapewa kumhukumu maiti.

Lakini kuna begi. Kabla ya safari alimpa Martha begi, akamwagiza asilifungue mpaka wiki ijayo. Alipolifungua alikuta fedha taslimu, na karatasi zinazoonyesha kwamba akaunti zao za benki zilikuwa karibu tupu. Mke aliyeishi naye miaka 30, katika jumba lile, aliijua hali ya nyumba yake kutoka kwenye begi, mume akiwa hayupo wa kuulizwa.

Nilipofika hapo sikuendelea kusoma.

Sikuwaambia yote kuhusu pampu. Hii haikuwa mara yake ya kwanza kufa. Miezi mitano nyuma nilinunua dizeli ya bei nafuu ya mitungi kando ya barabara, mimi mwenyewe, kwa tamaa ya kuokoa shilingi chache kwa lita. Gari lilizimika karibu na Gede na samaki wa watu mgongoni. Barafu ikayeyuka. Nililipa samaki, nikanunua pampu ya mtumba, na jumla yake, shilingi 90,000, nikaikopa kwa rafiki wa kazini. Pikapu hiyo ni mirathi, si yangu. Ni ya mama, ya dada zangu wawili, ya kaka na yangu, na haijagawanywa bado. Nilimwomba dereva asiseme. Mke wangu nilimwambia mshahara umechelewa. Mwezi wa pili nikamwambia hivyo tena.

Marehemu baba alikuwa na daftari. Kila mwenye pikapu wa kizazi chake alikuwa nalo, ndani ya droo ya dashibodi, limefungwa kwa raba ya mpira wa tairi. Upande wa mbele ni gari: oili kila kilomita 5,000 alipokuwa na mita, na kila mwezi mita ilipokufa, filta ya dizeli, maji aliyoyamwaga kutoka kwenye filta, mkanda wa taimingi. Upande wa nyuma ni madeni: anayemdai na anaowadai, mpaka mia mbili ya chai. Alipofariki, ami alilifungua mbele yetu sote, na kabla ya kugusa chochote tukamlipa muuza tairi na mwenye barafu kama daftari lilivyosema. Haikuchukua hata nusu saa. Hakuna aliyeshangaa, hakuna aliyelia kwa sababu ya pesa.

Tangu nilipoichukua pikapu, upande wa mbele haukuwa na mstari hata mmoja kwa mwaka na nusu. Upande wa nyuma ndio usiseme.

Pampu ilirudi Alhamisi. Fundi aliifunga, akatoa hewa kwenye paipu, na kwa mzunguko wa tatu ikawaka, na moshi mweusi kidogo kisha ukasafika. Kijana yule mwanafunzi alipiga makofi. Usiku huo nilimwambia mke wangu. Siwezi kusema ilikuwa rahisi, na yaliyosemwa ni ya nyumbani. Ijumaa baada ya sala tulikutana kwa mama, na ami akaja, kwa sababu kaka ana mnunuzi wa Malindi anayeitaka pikapu. Niliweka daftari mezani. Chini ya mwandiko wa baba nilikuwa nimeandika tarehe mbili za pampu, dizeli ya mitungi, samaki, na upande wa nyuma jina la rafiki yangu na 90,000, na zile za mara hii pia.

Dada mkubwa alilisoma kimya mpaka mwisho. Kisha akauliza, badala ya yote niliyoyaogopa, kwa nini oili haikuandikwa, je, ilibadilishwa au haikubadilishwa. Ilibidi nikiri kwamba mara mbili sikubadilisha. Ami akatikisa kichwa, mama akaagiza chai.

Hatukuuza, au tuseme hatukuafikiana, ambayo kwetu ni karibu kitu kimoja. Deni nitalilipa mimi kwa sehemu yangu ya kazi ya gari, mpaka mwezi wa Machi inshallah. Jumamosi asubuhi dereva alipita na barafu akielekea Mambrui. Mnunuzi wa Malindi bado anapiga simu.